Vifungo vya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi sisi wote wa kiwanda hiki cha kufulia tuliitwa kwenye chumba cha kukunjia, tukakaa katikati ya marundo ya shuka kama wateja wa mnada. Meneja mpya hajamaliza miezi miwili hapa na tayari ameshapewa jina: Kwa Ujumla, kwa sababu hafungui kinywa bila kutanguliza maneno hayo. Akasema, kwa ujumla, wenye kampuni wanataka tuache kuanika nguo uani na walete mashine za kukaushia. Moja ya majaribio inafika kesho. Lakini hawataki kulazimisha mtu. Wanataka kujua kama tunaunga mkono au la, tena si mara moja, bali kila wiki, waone mawazo ya watu yanavyokwenda. Mvua zikielekea kwisha watakaa kikao. Wakikuta watu saba katika kila kumi wako upande wa mashine, basi zinanunuliwa, na uani panajengwa ghala.

Kazi ya kupima nimepewa mimi, maana ofisi ya utumishi ya hapa ni mimi na kabati.

Ndipo mama mkwe akainua mkono, akasimama. Niandike mapema ili nisije nikajichanganya mwenyewe: kiongozi wa wanawake watano wanaoanika uani ni mama yake mume wangu, na tunakaa naye nyumba moja. Kiwandani wanamwita Mama Kamba. Akauliza, "Na sisi wa uani tutakwenda wapi?" Kwa Ujumla akasema hayo yatafuata. Mama akauliza tena swali lilelile kwa sauti ileile. Watu wakaangua kicheko. Mimi niliona aibu, nikaandika kwenye karatasi yangu ya kikao: upinzani, mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Mashine imefika. Haikupita mlangoni. Fundi ameng'oa mlango.

Jumatano, 5 Machi

Nimeumiza kichwa jinsi ya kupima. Karatasi hazifai. Nusu ya watu wataogopa mwandiko wao utajulikana, na nusu nyingine watatumia nafasi hiyo kulalamikia choo. Nikakumbuka vifungo. Kufua kunang'oa vifungo kila siku, vya makoti ya madaktari na vya mashati ya wahudumu wa hoteli, na mshonaji wetu ana ndoo nzima. Basi itakuwa hivi: kila Ijumaa mtu akitoka kazini nampa vifungo viwili, cheupe na cheusi. Anaingia nyuma ya shuka kuukuu niliyoitundika kama pazia, anatia kimoja kwenye chupa kubwa na kingine kwenye kopo. Cheupe kwenye chupa, anaunga mkono. Cheusi, haungi. Hakuna jina.

Kwa Ujumla alifurahi mpaka akasahau kusema kwa ujumla.

Ijumaa, 7 Machi

Jua kali. Kipimo cha kwanza. Nilipohesabu nikapata kura nyeupe chache za kusikitisha, na jumla ya vifungo ilikuwa pungufu ya watu. Nikazunguka kuuliza, nikamkuta mshonaji ameinamia koti la daktari, kifungo cheupe mkononi.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kwenye chupa yako. Ulinichukulia vyeupe vyangu vyote, na haya makoti yanatoka leo. Nilichukua sita tu."

Nilikaa chini nikacheka, kisha nikavirudisha kwenye hesabu hivyo sita, vitatu vikiwa vimeshashonwa. Nyeupe tatu katika kila kumi. Kuanzia wiki ijayo, kipimo kikiisha, chupa inakaa mezani kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua zimeanza.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Shuka za hospitali zimelala mbichi. Wakunjaji walikaa mpaka jioni wakisubiri zikauke, wakaondoka na magari ya mwisho, wamenuna.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nyeupe nne katika kumi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua wiki nzima. Nyeupe tano na ushee. Kwa Ujumla amebandika karatasi ndefu ukutani mwa ofisi yake na amechora mstari unaopanda. Aliniita niutazame. "Unaona, dada? Kwa ujumla watu wanaanza kuelewa." Kweli mstari ulipendeza. Nilitoka pale nikitembea kwa madaha kidogo, maana mstari wenyewe ni wa vifungo vyangu.

Nyumbani mama mkwe aliingia amelowa hadi mifupa. Wanawake wa uani kazi yao siku hizi ni kuanika, kuanua, kuanika, kuanua, wakikimbizana na mawingu. Mume wangu akamwambia, "Mama, si hiyo mashine ingekupumzisha?" Akajibu kwamba anataka taulo, si mazungumzo. Nikaandika moyoni: bado anapinga. Ana kichwa kigumu huyu mama. Hata chumvi ya mboga hataki niiguse.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Sita katika kumi. Wapiga pasi wameipiga mashine makofi mgongoni, kama mtu.

Jumanne, 1 Aprili

Jua! Mvua imekatika ghafla. Uani kumejaa shuka nyeupe, zinakauka kabla hujageuka.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua bado. Mashine ikiwaka, chumba cha pasi kinageuka tanuri, na umeme haubebi, inabidi pasi mbili zizimwe. Mpiga pasi tunayemwita Mvuke alivua shati akaambiwa avae. Akauliza avae la nani, maana lake limelowa.

Ijumaa, 4 Aprili

Nyeupe tatu katika kumi. Nilihesabu, nikahesabu tena, nikaenda kumwuliza mshonaji kama ameingiza mkono. Akaapa.

Kwa Ujumla alipoona, uso ulimshuka. Alichora ile nukta mpya chini kabisa, mstari ukaporomoka, akasimama akiutazama. Halafu akafunga mlango.

"Watu hawabadiliki hivi kwa wiki moja," akasema. "Kuna mtu anawachochea. Unamfahamu nani anayepinga?"

Nilisema sijui. Akasema, "Fikiria." Nikafikiria. Nataka niandike kama nilivyosema, bila kujipendelea. Nilisema, "Aliyewahi kusimama akapinga hadharani ni mmoja tu." Akasema, "Mama Kamba." Nami nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kulikuwa jibu. Nilijiambia kwamba mimi ni mtumishi, napima tu. Tena sikumsingizia, kwa sababu niliamini. Nani mwingine mwenye ulimi wa kugeuza watu arobaini kwa wiki moja?

Jumatatu, 7 Aprili

Mawingu. Mama mkwe amepewa barua ya onyo kwa kosa la uchochezi. Niliichapa mimi, kwa kuwa ofisi ni mimi na kabati. Onyo likirudiwa ni kufukuzwa, na imebaki miaka miwili apate kiinua mgongo chake.

Aliisoma ameishika mbali na uso wake, mkono umenyooka, kwa sababu hakuwa na miwani. Akauliza, "Uchochezi ni nini hasa?" Nikamweleza. Akasema, "Aa." Akaikunja mara nne kama foronya, akaitia mfukoni, akarudi uani kwa sababu matone yalikuwa yameanza.

Jioni alinipakulia chakula kama kawaida. Hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningejua pa kushika. Mume wangu ananiuliza kila saa, "Mama ana nini?" nami najibu amechoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nyeupe tano.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nyumbani kimya. Mume wangu ameijua habari ya barua kutoka kwa dereva wa gari la shuka. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulimtaja?" Nikasema sikumtaja. Akasema, "Sikuulizi kama ulitamka jina." Kitandani amehamia upande wa ukuta.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua kubwa. Nyeupe saba katika kumi. Kwa Ujumla alinipa mkono. "Umeona? Onyo limefanya kazi."

Nami nilifurahi, Mungu anajua. Nilifurahi kwa sababu kama onyo limefanya kazi, basi kulikuwa na uchochezi, na kama kulikuwa na uchochezi, basi sikumwonea mtu. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 23 Aprili

Leo limenitokea jambo.

Asubuhi kulipambazuka kweupe, bila wingu. Mchana nikapita chumba cha pasi, nikamkuta Mvuke anaifokea mashine kwa joto lake: ni heri wangeirudisha ilikotoka, ni heri wangelibakiza lile jua la bure. Nikamshangaa. Ijumaa iliyopita huyuhuyu alikuwa anaisifu kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama palepale.

Nikamwuliza, "Mvuke, wewe uko upande gani hasa?"

"Leo?"

"Kwa nini leo? Upande wako."

"Shemeji, ukiniuliza Ijumaa ya mvua, mashine inaniwahisha nyumbani kwa watoto, nakupa cheupe. Ukiniuliza Ijumaa ya jua, mashine inanichemsha na pasi yangu inazimwa, nakupa cheusi. Wewe unaniuliza ya siku ile, nami nakujibu ya siku ile. Nikudanganye?"

"Na wiki ile ya jua, kuna mtu alikushawishi?"

"Jasho," akasema.

Nilirudi ofisini. Nikatoa chupa, na ingawa ni Jumatano nikasimama mlangoni saa ya kutoka, nikawagawia vifungo. Walidhani nimekosea siku. Hakuna aliyekuwa amewaambia lolote, maana hata mimi sikujua asubuhi kwamba nitapima. Nyeupe zilikuwa tatu katika kumi, zilezile za jua la Aprili, zilezile za jua la Machi.

Nikaupitia mstari wote kichwani. Mvua, unapanda. Jua, unaanguka. Mvua, unapanda. Wiki saba nimesimama mlangoni na chupa nikidhani napima mioyo ya watu, kumbe napima mvua. Na kwa mvua hiyo nimempa mama mkwe barua ya onyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua imerudi. Nilimwendea Kwa Ujumla na kumweleza yote, pamoja na kipimo cha jana. Alisikiliza hadi mwisho, kwa hilo namsifu. Kisha akasema kikao cha wenye kampuni ni Jumatatu na mchoro umeshapelekwa.

"Basi upeleke na huu wa jana."

"Dada, kwa ujumla mstari unapanda."

"Unapanda kwa sababu ni masika! Mwezi wa sita utashuka."

Akaugeukia ukuta. Nikaona shingo yake imelowa jasho. Akasema polepole kwamba walimleta hapa kwa ajili ya mashine hizi, na kwamba mtangulizi wake aliondolewa kwa kushindwa kuzileta. Sikujua hilo. Nikauliza habari ya barua ya onyo. Akasema hawezi kufuta barua kwa sababu ya mawingu.

Nikamwambia, "Uliiandika kwa sababu ya jua." Nikatoka kabla sijaongeza jingine.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Nyeupe nane katika kumi. Sikufurahi.

Jioni nilimfuata mama mkwe jikoni. Mume wangu alikuwa ameketi hapohapo akikaza skrubu ya mpini wa sufuria, nikasema mbele yake, maana sikutaka kujifichaficha tena. Nilimwambia mama kwamba meneja aliniuliza nani anapinga, nami nikanyamaza kwa namna iliyomtaja, na kwamba nilikuwa na hakika ni yeye, na kwamba sasa najua si yeye wala si mtu yeyote. Nikamwomba radhi.

Aliendelea kukata kitunguu. Halafu akasema, "Mimi nimetia cheupe tangu Ijumaa ya kwanza."

Mume wangu akaacha skrubu.

"Cheupe, mama?"

"Cheupe. Na siku za jua, cheupe. Unajua shuka ya hospitali iliyolowa ina uzito gani? Mabega yangu haya yameisha hata kabla hujaolewa. Hiyo mashine nilikuwa naiota."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Ulikuwa unanipa vifungo viwili, unatazama pembeni."

Nikamkumbusha kwamba kwenye kikao cha kwanza alisimama. Akaweka kisu chini. "Nilisimama nikauliza sisi wa uani tutakwenda wapi. Hilo ni swali, mwanangu. Lina watu watano ndani yake. Mmoja ana mtoto wa kunyonya. Mpaka leo hakuna aliyelijibu, na nimepewa barua."

Nililia. Akanisogezea kitambaa cha mezani, akasema nisikilowanishe sana, atakayekifua ni yeye.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Wenye kampuni wamekaa.

Ijumaa, 2 Mei

Sikupima. Kwa Ujumla amesema haina haja tena.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Tumeitwa tena chumba cha kukunjia. Kwa Ujumla akatangaza kwamba wafanyakazi wameunga mkono, mstari umeonyesha, mashine sita zinakuja. Watu wakapiga makofi, maana nje kulikuwa kunanyesha na shuka za juzi bado mbichi.

Mama mkwe akainua mkono. Onyo liko mfukoni mwake na ameinua mkono.

"Na sisi wa uani tutakwenda wapi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Kwa Ujumla alimtazama, akanitazama mimi, akatazama karatasi zake. "Kwa ujumla, hilo bado halijaamuliwa."

Mama akasema, "Asante," akakaa. Nilimwona Mvuke anamgeukia mwenzake. Nilimwona mshonaji anaziangalia sindano zake. Kila mtu alikuwa anajiuliza siku ikiletwa mashine ya kupiga pasi, au ya kushona, jibu lake litakuwa lipi.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Wakunjaji wawili wamekuja ofisini kuniuliza kama Ijumaa chupa itakuwepo. Nikasema meneja amesitisha. Wakasema, "Sisi hatujasitisha." Baadaye akaja mshonaji na bakuli la vifungo, ameshavitenga rangi kwa rangi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua ilinyesha wiki nzima, ikapumzika kidogo leo mchana, wa uani wakathubutu kuanika shuka za hoteli. Saa ya kutoka nilisimama mlangoni na chupa yangu bila ruhusa ya mtu. Pazia nililitundika kama siku zote. Foleni ilianzia kwangu ikafika kwenye mapipa.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe. Nikampa vifungo viwili, na safari hii nilimtazama usoni. Hakuingia nyuma ya pazia. Alilisogeza kwa kiwiko, akainua kifungo cheusi juu ili kila mwenye macho akione, akakiachia. Kiligonga kitako cha chupa kwa sauti ndogo. Mtu aliyeota mashine kwa miaka.

Hapohapo mvua ikashuka juu ya bati kwa kishindo. Wanawake watano wa uani wakatimua mbio kwenda kuanua.

Wengine wakaendelea kupita. Mvua ikipiga hivyo, na shuka zikilowa upya mbele ya macho yao, hii ndiyo siku ambayo wangenijazia nyeupe mpaka mfuniko. Hakuna aliyeingia nyuma ya pazia. Mvuke alitia cheusi akasema, "Hicho si cha leo, shemeji. Hicho ni changu." Mshonaji alitia cheusi. Wakunjaji walitia cheusi. Sikuwa na la kuhesabu.

Kwa Ujumla aliteremka ngazi kufuata ukimya, maana saa ile kwa kawaida huwa kelele tupu. Akaitazama chupa. Akatazama juu, kwenye bati linalonguruma. Kisha chupa tena. Nilijua anachofanya: anautafuta mstari wake. Nilijiandaa kufukuzwa.

"Mama mkwe wako yuko wapi?" akauliza.

"Uani. Anaanua."

Kisha akatoka nje hivyohivyo, bila mwavuli. Niliwaona kupitia dirisha. Mama hakusimama kumsubiri, shuka zisingesubiri. Alimpa ncha mbili za shuka ashike, naye akabaki na mbili, wakawa wanaikunja wakisogeleana na kuachana, na kila wakisogeleana midomo ilikuwa inasema kitu. Shati la Kwa Ujumla lilikuwa limegandana na mwili. Walikunja nyingi.

Jumatatu, 12 Mei

Mawingu, hakunyeshi.

Barua ya onyo imefutwa. Ya kuifuta nimeichapa mimi. Ghala limeahirishwa na mashine zitakuja tatu kwanza, mpaka kila mtu wa uani awe ameonyeshwa mahali pake kwa maandishi. Meneja amewaita mmoja mmoja akawauliza wanataka nini. Mwenye mtoto anataka zamu ya asubuhi. Wawili wanataka kujifunza mashine. Mmoja anataka kufikiri. Mama mkwe amechagua kukunja, karibu na dirisha.

Mchoro umetolewa ukutani. Mshonaji amekuja kuchukua vifungo vyake, akavihesabu vyeupe, akasema vimepungua vitatu. Nikamwambia avitafute kwenye koti la daktari.

Nyumbani mama mkwe ameniachia sufuria ya mboga nitie chumvi mwenyewe. Alionja, nikamwuliza ikoje.

"Imezidi," akasema. "Lakini umeuliza."